Shairi lipi lisomwe msibani? Tungo tano na namna zinavyokabili mauti

Ratiba ya maziko imeshachapwa na jina lako limo, kati ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji, na wakwe. Mbele yake pameandikwa "shairi", basi. Au maziko hayapo: mgonjwa yuko kitandani, wewe ndiwe unayekesha naye, na unatafuta kitu cha kumsomea. Au msiba umepita, watu wamerudi makwao, tenti limekunjwa, na sasa usiku ndio mrefu. Katika hali zote hizi unaweza kuchukua shairi zuri kabisa na bado likakukwama kooni, kwa sababu lilitungwa kwa ajili ya mtu mwingine na saa nyingine.

Nimechukua tungo tano ambazo msomaji wa Kiswahili hapa Uganda hukutana nazo, nikazipima kwa vigezo vinne. Kwanza, mtunzi anasema na nani: na marehemu, na anayekufa, na waliobaki, au na Kifo chenyewe? Pili, mauti yamepewa sura gani? Tatu, mtunzi anafika wapi katika kukubali? Nne, utungo unasikikaje chini ya tenti lenye Waganda, Waacholi, Wasoga na Wanubi, Wakristo na Waislamu? Uzuri wa maneno sikuufanya kigezo. Zote tano ni nzuri, na uzuri si kitu kinachokosekana pale shairi linapochaguliwa vibaya.

Tungo zenyewe

Ya kwanza nitaiita kilio cha Layima, kwa jina la mahali panapotajwa ndani yake. Ni wimbo wa maombolezo wa Waacholi, wa mistari tisa tu, uliotufikia kwa kalamu ya Okot p'Bitek (1931–1982), mzaliwa wa Gulu aliyekusanya nyimbo za watu wake katika Horn of My Love (1974). Ya pili ni "Amina" ya Shaaban Robert (1909–1962), beti sita alizomtungia mkewe aliyefariki. Ya tatu ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mji wa pwani ya Kenya, iliyotungwa mji huo ukiwa umeshaporomoka. Ya nne ni Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, ambao Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Ya tano imetoka mbali, kwa Dylan Thomas wa Wales: "Do not go gentle into that good night", iliyochapishwa 1951. Nimeiweka kwa sababu wengi waliosoma fasihi ya Kiingereza shuleni ndiyo wanayoikimbilia kwanza.

Mtunzi anasema na nani?

Kama huna muda wa kusoma yote, soma sehemu hii. Hapa ndipo chaguo nyingi hufaulu au huharibika.

Shairi la Thomas husomwa sana makaburini, na sioni sababu. Thomas alimtungia baba yake, mwalimu aliyekuwa akidhoofika, na liliposomwa na watu kwa mara ya kwanza mzee huyo alikuwa hai. Alifariki Desemba 1952. Shairi zima linamsihi mtu ambaye bado anapumua asiondoke kwa upole, aukasirikie mwanga unaozimika. Ukilisoma juu ya jeneza unamwamuru asiyesikia afanye asichoweza tena. Waliokaa kwenye viti vya plastiki wanaweza hata kusikia lawama ndani yake: kwamba marehemu angekaza zaidi, angekuwa nao.

"Amina" inasema na marehemu moja kwa moja. "Amina umejitenga, kufa umetangulia": ni mume anayemwita mkewe kwa jina kana kwamba yuko chumba cha pili. Kwa hiyo jeneza likiwepo au lisiwepo, leo au mwaka wa kumi, shairi halikosi wa kuambiwa.

Mwana Kupona amegeuza meza. Hapa anayekufa ndiye msemaji, na anayesikiliza ni mtoto atakayebaki:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia.

Mwaka mzima wa kuugua, na kinachomuuma ni kwamba hajapata kusema na bintiye. Hapa Uganda tuna kisa chetu kinachokaribiana na hiki. Katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa ukizimaliza nyumba, akina mama wa NACWOLA, chama cha wanawake wanaoishi na VVU kilichoanzishwa 1992, walihimizana kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao: ukoo wako ni huu, ulizaliwa hivi, mimi nilipenda hiki, wewe ulipokuwa mdogo uliogopa kile. Hakuna aliyeziita tenzi, lakini kazi ni ile ile. Anayeondoka anatumia nguvu iliyobaki kumtayarisha anayebaki.

Al-Inkishafi inasema na moyo wa mtunzi mwenyewe. Anauhoji, anaukemea, anauliza kwa nini haujifunzi. Sisi wengine tunasikia kwa pembeni, na hapo ndipo inapopata nguvu, kwa kuwa hakuna anayejiona amenyooshewa kidole.

Kilio cha Layima kina pande mbili. Mwimbaji anamlilia binti yake, lakini hasira inakwenda kwingine: kwenye boma la mama yake Kifo. Kama ningelifika huko, anasema, ningefunga mwenge mrefu wa nyasi, ningeteketeza kila kitu, kama moto unavyoteketeza Layima.

Mauti yana sura gani?

Kilio cha Waacholi kinanishangaza hapa kila ninapokirudia. Kifo kina mama! Kina boma, kina kwao, kwa hiyo kinaweza kulipizwa kisasi, kinaweza kufanywa kionje. Mganda anayesikiliza hapotei, maana naye amekuzwa na hadithi ya Walumbe, ambaye kwa Waganda ndiye Kifo, kaka yake Nambi, mwanamke wa kwanza, aliyemfuata dada yake duniani baada ya Nambi kurudi kuchukua ulezi wa kuku. Ndugu yao Kayikuzi alitumwa kumkamata, watu wakaambiwa wakae ndani kimya, watoto wakapiga kelele, na Walumbe akazama ardhini kule Ttanda, ambako mashimo yake huonyeshwa hadi leo. Kaskazini Kifo kina mama, Buganda kina dada. Pande zote mbili ni jamaa wa mtu, na pande zote mbili kuna aliyetaka kukifukuza mbio. Ndiyo maana wimbo huu wa Kiacholi unaeleweka Mityana bila maelezo marefu.

Okot huyo huyo ana sura nyingine ya mauti katika Song of Lawino (1966), sehemu ya kumi, safari ya mwisho ya kwenda Pagak, mahali ambako harudi mtu. Lawino, mke anayesimulia, anasema waganga wote, wa kizungu na wa kwao, ni hodari siku ile ikiwa haijafika. Ikifika, Mama Kifo anaita tu nawe unakwenda. Hakuna mwenge hapo wala boma la kuchoma. Nimeitaja kwa sababu anayependa Okot lakini akaogopa ukali wa kilio ana njia ya pili kwa mtu yule yule.

Kwa Thomas, mauti hayana uso. Ni usiku, na maisha ni mwanga unaofifia. Usiku hauna mama wala anwani, ndiyo maana mpiganaji wake anabaki akipiga kelele bila wa kupambana naye.

Al-Inkishafi haiishii kwenye mauti yenyewe, inaonyesha nyumba:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye.

Nyumba zilizokuwa ziking'aa ni ukiwa, makinda ya popo yananing'inia juu, hakuna mnong'ono wala ukelele, na vitanda vimetandwa na buibui. Mtu yeyote aliyeingia nyumba ya babu iliyofungwa tangu mazishi anaijua picha hii bila kufika Pate.

Katika "Amina" mauti ni utengano, na aliyechagua ni Mungu. Kwa Mwana Kupona mauti ni muda uliobaki, yaani mambo mangapi hayajasemwa.

Kukubali kunafika wapi?

Wengi hufikiri shairi la msiba ama linapinga ama linakubali. Hizi tano hazikai hivyo.

Kilio cha Layima ndicho kikali kuliko zote, na bado ukikisikiliza vizuri kimeshakubali. Kila tishio limefungwa ndani ya "kama ningelifika". Mwimbaji anajua hafiki. Waacholi wana guru lyel, ngoma ya matanga inayochezwa muda baada ya maziko, na maneno kama haya yana mahali pake ndani ya kundi, yanachezwa, yanajibiwa, halafu watu wanarudi nyumbani. Hasira ina kiwanja chake. Mtu anayelia peke yake kwenye chumba cha kupanga Kireka hana kiwanja hicho, na kwake wimbo huu unaweza kuwasha moto usio na wa kuuzima.

"Amina" ndiyo yenye mvutano ninaoupenda zaidi. Ubeti wa pili unakiri kwamba dua ya uponyaji haikujibiwa jinsi alivyotaka: "Nilitaka unyanyuke, kwa kukuombea dua". Ubeti wa tatu unasema wazi, "Mauti siyasadiki, kuwa mwisho wa dunia". Halafu kila ubeti unafungwa kwa msimamo ule ule: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua". Angalia anachokikataa. Hakatai kwamba mkewe amekufa, wala hashindani na Mungu. Anakataa kwamba kifo kina ruhusa ya kufungua kile walichofunga wawili. Mwishoni anaomba siku ambayo vumbi litaunga, roho irudishwe, na mauti ndiyo yajitenge. Aliyejitenga mwanzoni alikuwa Amina. Ubeti wa sita umeyapa mauti zamu hiyo. Kwa hiyo shairi linakubali msiba na kukataa hukumu yake, na waliofiwa na mwenzi wengi wako mahali hapo hapo hasa, hata miaka mingi baadaye. Kuwaambia "kubali, songa mbele" ni kuwaomba wafanye jambo ambalo shairi hili haliwalazimishi.

Thomas hakubali, na hajifichi. Mistari yake miwili ya kurudiwa inagonga mara nne nne ndani ya mistari 19. Anawaita wenye hekima, watu wema, watu wa fujo na watu wazito, wote wapinge, ndipo anamgeukia baba yake. Lakini anayeshindwa kukubali ni nani? Baba hasemi neno. Ni mtoto anayeomba alaaniwe au abarikiwe, chochote, mradi mzee asinyamaze. Uganda ina Hospice Africa, shirika la kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, tangu 1993, na morfini ya maji inawafikia wagonjwa wa saratani vijijini. Mgonjwa aliyepata utulivu wa maumivu na kuomba kukaa kimya na watu wake hahitaji kusomewa amri ya kughadhibika. Anayelihitaji shairi hili ni mtoto wake aliyesimama koridoni, na akilisoma huko peke yake litamfaa sana.

Al-Inkishafi inataka ukubali kabla, wakati nyumba bado inawaka taa. Haifariji, inaamsha. Na Mwana Kupona ameshamaliza kukubali kabla ya ubeti wa kwanza, hivyo hatuoni mapambano yake. Sijui wapi pengine nimeona mtunzi aliyeipa hofu yake mwenyewe nafasi ndogo hivi.

Chini ya tenti

Kiswahili kimo katika katiba yetu kama lugha rasmi ya pili tangu 2005, lakini tenti la Masaka si tenti la Bombo. Bombo, Arua au kambi ya jeshi, shairi la Kiswahili linapokelewa moja kwa moja. Kwingineko wazee wanaweza kusikia lugha ya askari kabla hawajasikia huzuni. Kwa hiyo sema kwanza kwa lugha ya nyumbani ni nini unakwenda kusoma, sentensi mbili zinatosha.

"Amina" ndiyo nyepesi kwa umati: mizani nane kwa nane, Kiswahili cha kawaida, na kiitikio ambacho ukikisoma mara ya tatu watu wanakijibu wenyewe. Mtunzi ni Mwislamu, lakini dua, pepo na ufufuo vimo kwa namna ambayo hata walokole hawatanung'unika.

Kilio cha Layima kisomwe na kuitikiwa, si kukaririwa kama taarifa. Tafuta Mwacholi akiimbe kwa lugha yake, nawe useme Kiswahili baada yake. Katika nyumba ya Kiislamu kiache, kwa sababu maombolezo ya kelele juu ya maiti hayakubaliki, na kutishia kumchoma mama wa Kifo mbele ya shehe ni kujitafutia maneno.

Al-Inkishafi ina beti zaidi ya sabini na lahaja yake ni ya Pate na Lamu. Chagua nne, uzifasiri. Mahali pake si kaburini, ambako Waislamu huzika haraka na hawana muda wa mashairi, bali darasani au kwenye kikao cha dua siku za baadaye.

Utendi wa Mwana Kupona una beti 102, na sehemu kubwa ni mafunzo ya mke kwa mume. Ukizisoma zote mbele ya mabinti wa leo utaanzisha mjadala mwingine kabisa, tena palepale. Chukua zile za mwanzo anapomwita mtoto akae karibu, na dua ya kuelekea mwisho.

Thomas kwa Kiingereza anasikika vizuri, virudio vinabeba hata asiyeelewa kila neno. Kwa Kiswahili utalazimika kutafsiri mwenyewe, na nusu ya kishindo hubaki njiani.

Lipi linamfaa nani

Mgonjwa bado yu hai na anataka kuzungumza: beti za mwanzo za Mwana Kupona, kisha funga kitabu umwache aseme yake. Kama yeye mwenyewe anapigana na anataka kupigana, Thomas ni wake kwa haki. Kama ni wewe ndiye unayepigana na yeye ameshatulia, soma Thomas nje.

Mzazi anayeugua na ana watoto wadogo: Mwana Kupona tena, lakini kama mfano wa kuiga, si wa kusoma. Daftari la shule linatosha.

Kijana amekufa ghafla, kwa ajali ya boda boda au kwa ugomvi, na watu wamejaa hasira: kilio cha Layima, kama familia si ya Kiislamu na kama kuna watu wa kuitikia. Huzuni ya namna hii ikipewa shairi la upole, hasira haiondoki, inageukia mtu. Kwa familia za Acholi zilizowazika watu wao kambini wakati wa vita vya waasi wa LRA na baadaye kuwahamishia mifupa nyumbani, wimbo huu una uzito ambao mimi mgeni siwezi kuuongeza wala kuupunguza. Waamue wao.

Mume au mke amefiwa: "Amina", siku yoyote. Muulize kwanza kama ataweza kukaa akisikiliza jina la mwanamke mwingine likiitwa. Wengine hupenda, wengine huomba jina libadilishwe, na sioni ubaya katika hilo nyumbani, ila ukichapa kwenye ratiba acha jina la mtunzi na la Amina kama yalivyo.

Mzee aliyeshiba miaka, hasa kwenye okwabya olumbe, sherehe ya Waganda ya kumaliza msiba, wakati mrithi anasimikwa na hali imeshapoa: safari ya Pagak ya Lawino, au beti nne za Al-Inkishafi kama nyumba yake ilikuwa kubwa na sasa inagombaniwa. Hapo onyo la popo na buibui litafika kwa waliokusudiwa bila wewe kutaja jina.

Mtoto mchanga amekufa. Kati ya tano hizi ni kilio pekee kinachomlilia mtoto, na ni kikali mno kwa mama aliyetoka kujifungua. Ningemwacha bila shairi.

Wewe mwenyewe, miezi baadaye, usiku: kama unajilaumu, epuka Thomas. Kama unaona watu wanakuharakisha upone, "Amina". Kama kifo cha mwingine kimekufanya uanze kuhesabu vyako, Al-Inkishafi, beti chache kila usiku.

Na kama emsii amekukatia dakika zako kutoka tano hadi moja, kwa sababu wanasiasa wamefika wamechelewa na wote wanataka kipaza sauti, soma ubeti wa kwanza, wa tatu na wa mwisho wa "Amina". Ukilazimika kuacha mmoja zaidi, acha wa kwanza.